Kijiji cha mpakani: maana yake kwa mfano wa Norham

Katika historia ya Uingereza (yaani England, si Ufalme wa Muungano wote), kijiji cha mpakani ni makazi ya mashambani yaliyo karibu na mpaka wa nchi hiyo na Uskoti au Wales, ambayo majengo yake, utawala wake na riziki ya wakazi wake vilitokana na ukaribu huo. Sehemu ya pili ya maana hii ndiyo yenye uzito, kwa kuwa kijiji kinaweza kuwa jirani na mpaka na historia yake isiguswe nao sana.

Norham, kilichoko kaunti ya Northumberland, kimeguswa kila upande. Kipo ukingo wa kusini wa mto Tweed, na ng'ambo yake ni Uskoti. Mwaka 1121 Ranulf Flambard, Askofu wa Durham, alianza kujenga ngome juu ya mwinuko unaotazama mto, kwa sababu ardhi ile ilikuwa milki ya maaskofu wa Durham, nao walipewa mamlaka ambayo kwingineko yalikuwa ya mfalme, ili waulinde upande wa kaskazini. Ndiyo maana Norham kilihesabiwa kuwa sehemu ya kaunti ya Durham, ingawa kiko mbali nayo, hadi mwaka 1844. Kwa maoni yangu, huu ni ushahidi wa nguvu ya mpaka ulio mzito kuliko hata kuta za ngome.

Hapo ndipo Mfalme Edward I alipokutana na wakuu wa Uskoti mwaka 1291 kuhusu nani arithi kiti cha ufalme wao. Robert Bruce, mfalme wa Uskoti, aliizingira ngome hiyo baadaye asifanikiwe, lakini James IV, naye mfalme wa Uskoti, aliiteka kwa mizinga mwezi Agosti 1513, kisha akauawa tarehe 9 Septemba katika vita vya Flodden dhidi ya Waingereza, karibu na kijiji cha Branxton.

Malkia Elizabeth I alikataa kugharimia matengenezo ya ngome, na mwaka 1603, mfalme wa Uskoti aliporithi pia ufalme wa Uingereza, haja ya kuilinda ikaisha. Wanakijiji waliendelea kuishi kwa kilimo na kwa kuvua samaki aina ya salmoni katika Tweed. Mpangilio wa zamani ungali unaonekana: kanisa la Mtakatifu Cuthbert upande wa magharibi, magofu ya ngome upande wa mashariki, na nyumba za kijiji katikati.