2½ mara 1½ si 2¼

Wengi wakizidisha namba mchanganyiko huzidisha namba nzima kivyake na sehemu kivyake. Tuseme maandazi yanataka vikombe 2½ vya unga, nawe unaongeza vipimo vyote mara 1½. Kwa njia hiyo, 2 × 1 ni 2, ½ × ½ ni ¼, jumla 2¼. Unga umepungua! Maji yakiongezwa sawasawa, donge litakuwa rojorojo, halisukumiki.

Kilichosahauliwa ni 2 × ½ na ½ × 1, yaani kikombe 1½ kizima. Ni salama zaidi kugeuza kwanza: 5/2 × 3/2. Kiasi (namba ya juu) mara kiasi ni 15, asili (namba ya chini) mara asili ni 4. 15/4 ni vikombe vitatu na robo tatu. Kutenganisha kunafaa kwenye kujumlisha, na mazoea haya hutoka huko.