Kabaidi ipi unayoisema?

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye karakana moja Unga Limited, Arusha, nasubiri shafti ya mashine ya kusaga. Kijana aliyekuwa akikereza akaniambia, kwa uhakika kabisa, kwamba tipu ya kabaidi haimwagiwi maji mengi kwa sababu itatoa gesi. Si mara ya kwanza kulisikia hilo. Moshi pia nimelisikia, tena kwa mafundi wenye mvi.

Tipu ya kabaidi ni kipande kidogo kigumu kinachofungwa kwenye holda, yaani mpini wa kukishikilia, ili kichonge chuma kinachozunguka. Makali yakiisha unakigeuza. Pembe zote zikiisha unaweka kingine. Basi.

Kinachosumbua ni jina. Kabaidi imetokana na kaboni, na kaboni imetokana na neno la Kilatini, carbo, yaani makaa. Ni jina la ukoo: ukiunganisha kaboni na metali fulani, unapata kabaidi ya metali hiyo. Kusema "kabaidi" tu ni sawa na kuita "Massawe!" pale stendi ya Moshi. Watageuka wengi.

Yale mawe ya kijivu ambayo wachomeleaji huyatia maji wapate gesi, na ambayo wengine huivishia ndizi na maembe, ni kabaidi ya kalsiamu. Hiyo ikikutana na maji hutoa asetilini, nayo asetilini inawaka. Iliyo kwenye holda ni kabaidi ya tangsteni: unga wake huchanganywa na kobalti, ukashindiliwa, ukaokwa kwa joto kali hadi ukashikana. Iloweke kwenye ndoo usiku kucha, hutaona povu la gesi. Tangsteni ni neno la Kiswidi, "jiwe zito", na ukiiweka tipu kiganjani utakubali, maana uzito wake unakaribia mara mbili ya chuma cha ukubwa uleule. Miaka ya 1920, kampuni ya Krupp ya Ujerumani ilipoanza kuiuza, iliipa jina Widia, kifupi cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya "kama almasi". Natamani jina hilo ndilo lingetufikia sisi.

Kwa sababu hofu ile inaharibu kazi. Kijana yule alikuwa ametoboa kifuniko cha chupa ya maji ya kunywa, anadondoshea matone machache, anaacha, tipu inapata moto, anadondoshea tena. Akanionyesha tipu ya asubuhi: nyufa nyembamba zimejipanga kwenye makali kama meno ya kitana. Gesi haikuhusika hapo. Ni moto na baridi kupokezana. Kabaidi ya tangsteni inavumilia joto ambalo haispidi, kile chuma kigumu cha kukerezea, ingeshalainika, lakini haipendi kushtuliwa. Ama maji ya kupozea yamiminike bila kukatika, ama chonga kavu moja kwa moja.

Na hata ukishajua ni ya tangsteni, bado hujachagua tipu. Muuzaji akisikia "naomba kabaidi" atakupa iliyo karibu na mkono wake, mara nyingi ile ya rangi ya dhahabu, na wewe utaamini ndiyo bora kwa vile inang'aa. Rangi hiyo ni utando mwembamba tu juu yake.

Kwa hiyo, mdogo wangu, futa grisi ubavuni mwa holda yako usome. Tuseme yako imeandikwa PCLNR 2020K12. Herufi ya pili, C, ni umbo la tipu: msambamba wa pembe ya nyuzi 80. Ya nne, N, inasema ubavu wa tipu umesimama wima, hauna mteremko. Namba 12 ya mwisho ni urefu wa makali. Dukani omba CNMG 120408. 04 ni unene, na 08 ni ncha yenye nusukipenyo cha milimita 0.8. Halafu angalia boksi: kwa shafti ya chuma cha kawaida tafuta herufi P, ya buluu. Manjano, M, ni ya stenlesi. Maji mimina.