Mazoezi ya wakati wa mapumziko: maana yake nini?

Mazoezi ya wakati wa mapumziko ni jasho unalolitoa kwa hiari: kukimbia alfajiri, kucheza mpira, kutembea kwa ajili ya mwili, si kwa kukosa nauli. Kupalilia maua kwa kujifurahisha kunahesabiwa. Kupalilia mahindi yanayokulisha ni kazi, na kazi haimo.

Mtazame mvuta mkokoteni wa soko la Kibuye, Kisumu. Magunia ya mahindi yamepangwa nyuma yake, kila moja kilo 90. Kwenye mwinuko anainama mpaka kifua kinakaribia lami, mishipa ya shingo imesimama. Sasa mwulize kama mwezi uliopita, ukiacha kazi yake, alifanya zoezi lolote. Atajibu hapana, na kwenye takwimu atawekwa kundi moja na karani anayekaa kitini kutwa kisha akarudi nyumbani kwa matatu.

Swali la aina hiyo huulizwa Marekani kila mwaka kwa simu. Kati ya 2017 na 2020, waliojibu hapana walikuwa asilimia 27.5 ya watu wazima kusini mwa nchi hiyo, na asilimia 21 magharibi. Tofauti hiyo ipo kweli, ila ni makosa kuisoma kama orodha ya wavivu. Inapima pia nani ana saa za ziada, nani ana njia salama ya miguu, na jua la kwao likoje.

Hata huku kwetu mambo hayalingani. Nakuru iko juu, mita 1,850 hivi, na baridi yake ya asubuhi inamfaa mkimbiaji. Kisumu iko ziwani, mita 1,130 hivi, na kufikia saa nne joto limeshapamba moto. Kote kuwili, kwa kuwa tuko kwenye ikweta, saa moja na nusu jioni ni giza mwaka mzima. Mama anayetoka kazini saa kumi na mbili, barabara yao haina taa, atakimbilia wapi?

Shirika la Afya Duniani lina dodoso linalouliza yote matatu: kazi, safari za miguu au baiskeli, na mapumziko. Dakika 150 hadi 300 kwa wiki linazopendekeza zinaweza kutoka popote kati ya hayo. Lakini mapumziko bado huulizwa peke yake, na sababu ipo: watafiti kadhaa wamekuta kwamba kazi nzito haiulindi moyo kama mazoezi ya hiari. Mkimbiaji akichoka hupunguza mwendo, kesho akapumzika. Mvuta mkokoteni hupangiwa mwendo na mzigo, saa nane au kumi mfululizo, presha ikiwa juu.

Ndiyo maana daktari makini hamwambii mtu huyo akimbie jioni. Humwuliza analala saa ngapi, na kama Jumapili bado anavuta.