Kabla sukari haijafika: namna kundi la mtaa linavyomuunga mkono mgombea wa LC

Kundi la wakazi nchini Uganda likitaka kumuunga mkono mgombea wa serikali za mitaa, yaani mabaraza ya LC (Local Council), kazi yake kubwa iko kabla ya kampeni. Magari ya vipaza sauti yakishaanza kuzunguka, na sukari, chumvi na sabuni zikishaanza kuingia majumbani usiku, masikio huwa yameshaziba. Haya nawaandikia wapangaji, wauza soko, akina mama wanaogombea haki ya ardhi, vijana wa stegi za boda, na wote wanaotaka zahanati yenye dawa na bajeti inayosomwa hadharani. Mifano yangu mingi ni ya wilaya ya Busia, lakini sheria ni ileile Arua, Kasese na Jinja.

Anzeni kwa kujua ninyi ni nani kisheria, kwa maana hapa ndipo makundi mengi mazuri huumia. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2016 inalitaka shirika lisiegemee upande wowote wa siasa. Haliruhusiwi kuchangisha fedha wala kufanya kampeni ya kumuunga mkono au kumpinga mgombea au chama. Kwa hiyo kama kundi lenu lina cheti cha shirika la kijamii, kundi hilo lisitoe tamko la kumuunga mkono mtu. Lisitumie muhuri wake, akaunti yake ya benki, wala ukumbi uliolipiwa na wafadhili. Chama cha akiba na mikopo nacho kiacheni pembeni: fedha za wanachama zikishachanganyika na siasa, siku mgombea akishindwa watu watakuja kudai akiba zao wote kwa pamoja.

Upande wa pili, kumdhamini mgombea na kumpa kadi ni kazi ya chama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2005. Ninyi si chama. Njia iliyobaki, na ndiyo ninayoishauri, ni wakazi kujikusanya kwa majina yao wenyewe, kila mmoja kama mpiga kura, na kutia saini tamko la pamoja. Maneno nayo yana uzito. Andikeni "sisi wakazi tuliotia saini tunamuunga mkono", msiandike "mgombea wetu" wala "mgombea wa kundi". Walimu wa serikali na wafanyakazi wa gombolola (eneo la utawala lililo chini ya wilaya) wasitie saini hata kama wanakubaliana nanyi, kwa sababu kazi zao zinawazuia kushiriki siasa za vyama. Mkiwa na wakili mnayemfahamu, mpeni rasimu aisome kabla haijatoka.

Swali linalofuata ni kiti kipi. Watu hukimbilia mwenyekiti wa wilaya, yaani LC5, kwa kuwa jina lake linasikika redioni. Mimi naona kundi dogo linapata zaidi kwa kuanza chini, na sababu ni mnyororo ambao wengi hawauoni.

Mwenyekiti wa LC1 huchaguliwa na wakazi wa kijiji kwa kujipanga mstari nyuma yake, au nyuma ya mwakilishi wake au picha yake. Kamati ya kijiji ina watu 10. Watatu huingia kwa sababu wanaongoza mabaraza ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Waliobaki, kuanzia makamu na katibu mkuu hadi wa fedha, wa usalama, wa habari na wa uzalishaji, hupendekezwa na mwenyekiti mwenyewe, kisha baraza la kijiji likawapitisha. Kamati hizo za vijiji vyote vya muluka (eneo la vijiji kadhaa ndani ya gombolola) ndizo zinazomchagua mwenyekiti wa LC2. Na mahakama ya LC2 ndiyo mlango wa kwanza wa kesi za ardhi. Basi mjane anayesukumwa na shemeji zake atoke shambani, hatima yake ilianza kuandikwa siku kijiji kilipopanga mstari, na ikaendelea pale mwenyekiti alipotaja majina sita ambayo hakuna aliyemuuliza mapema.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa mgombea wa LC1 liwe hili: taja watu sita utakaowapendekeza, na wangapi kati yao ni wanawake. Asiyeweza kutaja hata watatu hajajiandaa, au ameshaahidi nafasi hizo kwa watu asiotaka mwajue.

Uchaguzi wa LC1 una shida nyingine, nayo ni kalenda. Baada ya 2001 haukufanyika tena mpaka Julai 10, 2018, na muhula wa waliochaguliwa siku hiyo ulipoisha 2023 ukaongezwa. Tarehe inaweza kusogezwa mara nyingi, kisha ikatangazwa ghafla. Kundi linalosubiri tangazo ndipo lianze kuhoji wagombea huwa limechelewa. Wekeni orodha ya maswali na daftari la wanachama tayari muda wote.

Kwa gombolola, LC3, ninashauri viti viwili tu: mwenyekiti na kansela mwanamke, yaani diwani wa kiti cha wanawake. Katiba inataka wanawake wasipungue theluthi ya kila baraza, lakini kansela wa kiti hicho huwakilisha eneo kubwa kuliko kansela wa kawaida na mara nyingi hupata wapiga debe wachache. Hapo tamko la wakazi 40 lina uzito wa kweli. Viti vya vijana, wazee na watu wenye ulemavu huamuliwa na wajumbe maalum, si kura ya wote, kwa hiyo tamko la mtaa mzima halisaidii sana. Huko zungumzeni na wajumbe ana kwa ana.

Sasa mahojiano. Maswali yawe matano, yaandikwe, na kila mgombea wa kiti kimoja aulizwe yaleyale kwa mpangilio uleule, dakika 10 kila mmoja. Swali baya ni "utatuletea barabara ya lami?" Kansela hana fedha za lami, na atakayejibu ndiyo anawadanganya huku ninyi ndio mliomfungulia mlango wa uongo. Swali zuri linagusa mamlaka aliyonayo: kupitisha bajeti, kutunga sheria ndogo, kusimamia huduma.

Chukueni mapato ya ndani. Katika gombolola za vijijini kama Dabani au Lumino, asilimia 65 ya mapato yanayokusanywa hubaki gombololani na asilimia 35 hupelekwa wilayani. Kutoka kwenye sehemu iliyobaki, asilimia 25 inapaswa kushuka hadi vijijini. Kwa hesabu ya mfano, gombolola likikusanya shilingi milioni 20, milioni 13 zinabaki, na 3,250,000 ni za vijiji vyote vya gombolola. Si fedha nyingi, lakini vijiji vingi haviioni hata shilingi, wala haviambiwi zilikwenda wapi. Muulizeni mgombea: utabandika ubaoni kiasi kilichotumwa kwa kila kijiji, na kila baada ya muda gani? Jibu linalokubalika lina tarehe na mahali. "Nitahakikisha uwazi" si jibu. Miji na manispaa zina mgawanyo wao, kwa hiyo msibebe asilimia hizi mpaka mjini Busia.

Kwa anayetetea kiti chake, maneno yake hayatoshi, someni kumbukumbu za vikao. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2005 inampa raia nafasi ya kuomba kumbukumbu hizo kwa barua, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Pelekeni barua wiki sita kabla ya mahojiano, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mbaki nayo. Angalieni alihudhuria vikao vingapi, alileta hoja gani, na alisema nini siku ya bajeti. Shirika la utafiti wa sera la ACODE limekuwa likiwapima makansela wa wilaya tangu 2009 kwa vigezo vinne: kazi ya kutunga sheria, kukutana na wapiga kura, kuhudhuria mabaraza ya chini, na kufuatilia huduma. Vigezo hivyo mnaweza kuvitumia gombololani pia, havihitaji utaalamu.

Wagombea wakija kwenye mkutano, andikeni barua ya taarifa kwa polisi. Sheria ya Mikutano ya Hadhara ya 2013 inataja siku zisizopungua 3 na zisizozidi 15 kabla. Wekeni mahali, saa, idadi ya watu na jina la mhusika mmoja. Nakala ya barua ikae mfukoni mwa mwenyekiti wa kikao siku hiyo, isibaki nyumbani.

Kura ya ndani ndiyo moyo wa jambo hili. Daftari la wanachama lifungwe siku 60 kabla. Pasipo kanuni hiyo, mgombea mwenye mfuko ataleta vijana 30 wajiandikishe usiku wa kuamkia kura, na tamko litakuwa lake. Ndugu wa mgombea, mdeni wake, au anayefanya kazi kwenye kampeni yake ajitaje mbele ya wote, kisha asipige kura kwa kiti hicho. Karatasi ziwe za rangi moja na ukubwa mmoja, zimekatwa kutoka daftari moja, na kila orodha iwe na mstari wa "hakuna hata mmoja". Kiwango kiwe asilimia 60 ya waliopiga. Wakiwa 45, anahitaji 27, basi. Akipata 26 hakuna tamko kwa kiti hicho, na msianze kubembelezana. Raundi zisizidi mbili.

Kura hii iwe ya siri hata kama uchaguzi wenyewe wa LC1 ni wa mstari. Mpangaji anayesimama mstarini anaonekana na mwenye nyumba, na mwenye deni anaonekana na aliyemkopesha. Kwa sababu hiyohiyo, msimlazimishe mwanachama kusimama nyuma ya mtu mliyemuunga mkono. Kundi linalowatolea macho watu wake mstarini linafanya kazi ileile ya wale tunaowapinga.

Kuhusu fedha, kanuni ni moja na haina mlango wa nyuma: hakuna kupokea chochote kutoka kwa mgombea. Si soda, si nauli, si viti vya kukodi, si fulana. Sheria ya Serikali za Mitaa inamhesabu mtoa hongo na mpokeaji wote kuwa wakosaji. Tena mzigo wa sabuni ukishaingia ndani ya kundi, wanachama wenu wenyewe hawataamini tena kura ilivyohesabiwa. Michango ya wanachama ya shilingi 2,000 kwa kichwa inatosha karatasi, kalamu, chai na nakala za tamko. Matumizi yasomwe kwa sauti kabla ya kura kuanza.

Tamko lenyewe liwe ukurasa mmoja. Liandikeni kwa Kiswahili, na kwa Busia mliweke pia kwa Kisamia na Kiteso, kwa sababu mzee asiyesoma Kiswahili ana kura sawa na yenu. Liwe na kiti, jina la mgombea, tarehe ya kura na idadi ya kura alizopata, ahadi tatu alizoweka saini, na tarehe ya kukutana naye baada ya uchaguzi. Kadi ya chama chake msiipambe. Nimeona ni salama zaidi kulitoa baada ya Tume ya Uchaguzi kufunga uteuzi. Ukilitoa mapema, mgombea anaweza kushindwa kwenye mchujo wa chama, akarudi kama mgombea huru, na nusu ya wanachama wakasema hawakumkubali akiwa huru. Kwenye WhatsApp tumeni picha ya tamko lenye saini, wala msiongeze maneno juu ya wapinzani msiyoweza kuyathibitisha.

Yako mambo mawili yanayoharibika mara kwa mara hata kwa makundi makini. Moja ni kutamka majina mengi. Mwenye majina 14 mkononi hakumbukwi hata kwa moja, matano yanatosha. Lingine ni mgombea "kumpisha" mwenzake siku chache kabla ya kura, mara nyingi kwa makubaliano ambayo hamkuwepo. Andikeni mapema kwamba akijitoa, tamko linakufa papo hapo na halihamii kwa yule aliyempisha. Mgombea atakayekataa kusaini kifungu hicho ameshawajibu.

Siku ya uchaguzi wenyewe wa kura za siri, kama wa LC3, vituo hufungwa saa 10 jioni na kura huhesabiwa palepale kituoni, mbele ya watu. Wawili wenu wabaki mpaka fomu ya matokeo isainiwe, waandike namba za kila mgombea kwa kalamu ya wino, pamoja na kura zilizoharibika. Wasibishane na msimamizi. Mawakala wa wagombea ndio wenye haki ya kupewa nakala.

Akishinda, baraza linapaswa kukutana angalau mara moja kila miezi miwili. Pangeni zamu ya watu wawili kwa kila kikao, wakae upande wa wasikilizaji na daftari lenye safu nne: tarehe, alihudhuria au la, alisema nini, na ni ahadi ipi kati ya zile tatu iliyoguswa. Daftari hilo lisikae kwa mtu mmoja zaidi ya kikao kimoja. Likabidhiwe kwa saini, ili siku ya kukutana naye tena asiwepo mtu wa kusema limepotea.