Namba ile ya dd ni ya RAM, si ya diski

Seva ya ofisi pale Mtumba ikianza kusuasua, fundi huandika faili la GB 1 kwa dd, amri ya kunakili data, anaona GB 2 kwa sekunde, anatangaza kuwa diski haina tatizo. Sivyo. Diski ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski) haivuki MB 600 kwa sekunde, hata iwe mpya vipi. Linux, mfumo endeshi wa seva, imepokea data, ikaiweka kwenye RAM (kumbukumbu ya muda) na kujibu "tayari" kabla haijaishusha diskini. Ongeza conv=fdatasync kwenye amri, ili dd isubiri data ifike kweli diskini. Namba itashuka; hiyo ndiyo ya kuamini.

Hata hivyo bado haitoshi, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Hifadhidata ya mishahara haiandiki faili moja refu, inaruka huku na huku ikisoma na kuandika vipande vya KB 8. Diski ya sahani ya mizunguko 7,200 kwa dakika humudu vipande mia moja hivi tu kwa sekunde, kwani kichwa chake lazima kisogee kila mara. Tumia fio, programu ya kupima diski, yenye randread (kusoma huku na huku) na direct=1 (kuiruka RAM), kisha fungua iostat -x, amri ya kuonyesha hali ya diski, saa za kazi: r_await, yaani muda wa kusubiri usomaji, ikipanda watumiaji wanapolalamika, ichunguzeni diski kabla ya kumlaumu mwandishi wa programu.