Karatasi ya PSA iliyokunjwa mara nne

Kila baada ya mavuno ya uwele na mtama, kliniki yangu ya mfumo wa mkojo hapa Dodoma hujaa wazee kutoka Kongwa, Bahi na Mpwapwa. Mmoja wao, mwenye miaka 58, aliitikia shikamoo yangu kwa sauti ya chini, akatoa mfuko wa nailoni ndani ya koti. Humo mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, ya kipimo cha damu cha tezi dume: PSA 11.2. Alipopimwa aliambiwa maneno manne tu, "Iko juu, ni kansa." Alikwenda nyumbani akawaita wanawe, akawaonyesha mipaka ya shamba.

Nilimuuliza swali moja. "Mzee wangu, kabla ya kutolewa damu ulikuwa na tatizo gani?" Mkojo ulikuwa umeziba, akawekewa mpira wa kutolea mkojo, na siku ya tano akapimwa PSA. Liliniuma sana jambo hilo. Tezi iliyotoka kusumbuliwa namna ile lazima imwage PSA nyingi kwenye damu. Tulisubiri wiki nane, tukarudia: 3.6. Nilipoipima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, tezi ilikuwa kubwa lakini laini. Ni tezi iliyotanuka kwa umri, na dawa zinamsaidia.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume yenyewe, iwe nzima au mgonjwa. Hupanda kwa saratani, lakini hupanda pia tezi inapotanuka, ikipata maambukizi, ikiguswa na mpira, hata mtu akimwaga mbegu siku moja au mbili kabla ya kipimo. Wengi tumezoea kuichukulia 4 kama mpaka, ila katika kila wanaume wanne waliovuka mpaka huo, takriban watatu hukutwa hawana saratani. Na kuna walio chini ya 4 wanayo. Anayemeza finasteraidi kwa ajili ya tezi iliyotanuka, namba yake hushuka karibu nusu baada ya miezi kadhaa ya dawa. Asipomwambia daktari, 3 yake itaonekana salama kumbe ni kama 6.

Ndiyo maana bado natumia kidole. Najua ndicho kinachowakimbiza wanaume, na sitaki kumbeza anayekiogopa. Unalala kwa ubavu, magoti yamekunjwa, glavu imepakwa jeli, na ndani ya dakika moja nimemaliza. Kama unataka kujua ninachokitafuta, gusanisha dole gumba na kidole cha mwisho, kisha uguse ile minofu iliyo chini ya dole gumba. Hivyo ndivyo tezi yenye afya inavyohisika. Sasa gusa kifundo cha kidole. Nikikuta donge gumu namna hiyo, sitatulizwa na PSA ya 2. Kidole peke yake nacho hukosa mengi, kwa kuwa kinafika upande wa nyuma tu wa tezi.

Wengi huniambia watakuja mkojo ukianza kuwasumbua. Hapo ndipo ninapopoteza watu. Saratani hii mara nyingi huanzia pembeni mwa tezi, mbali na njia ya mkojo, hivyo mwanzoni haiumi wala haizuii chochote. Nimewapokea waliotibiwa "ngiri" na maumivu ya mgongo kwa miezi mingi, kumbe saratani ilishafika kwenye uti wa mgongo. Ikifika huko tunaweza kuipunguza kasi kwa kuzima homoni ya kiume, lakini kuifuta hatuwezi.

Kwa hiyo, kwa sisi Waafrika ambao hatari yetu ni kubwa kuliko ya watu wengi, napendekeza mazungumzo na daktari yaanze kwenye miaka 45, hasa kama baba au kaka yako aliugua. Nasema mazungumzo kwa makusudi. Zipo saratani za tezi dume zinazokua polepole kiasi kwamba mtu angeishi nazo hadi mwisho bila kujua. Kuzikimbilia kwa upasuaji au mionzi kunaweza kuacha mkojo unaovuja na nguvu za kiume zilizopungua. Hizo zinahitaji kufuatiliwa tu. Baada ya miaka 70, kwa asiye na dalili, faida ya kupima hupungua sana.

Namba ikibaki juu, tunachukua vinyama kwa sindano, kwa kawaida 12 au zaidi, na hapo maabara ndiyo inayosema kama ni saratani na ina ukali gani. Panapopatikana kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili kwa sumaku, hutangulia, kutuonyesha pa kuchoma.

Ukija, njoo na karatasi zako zote za zamani, hata zilizochakaa. PSA iliyotoka 1 ikafika 3.5 ndani ya mwaka mmoja hunishughulisha kuliko 5 iliyotulia palepale miaka minne, na bila karatasi ya kwanza siwezi kuiona tofauti hiyo.