CpG ndani ya kitosani: mambo yanayoharibu jaribio

Vipande vifupi vya DNA (oligo) vyenye CpG, yaani herufi C ikifuatwa na G, isiyo na methili huamsha kinga kwa kuwa vinafanana na DNA ya bakteria. Kipokezi chake, TLR9, kimo ndani ya endosomu, kifuko kidogo ndani ya seli. Waliozoea mRNA (molekuli inayobeba maagizo ya kutengeneza protini) hukosea hapa: mRNA isipotoroka endosomu haifanyi kazi, ilhali CpG ikitoroka imekipita kipokezi chake. Basi usihangaike na chembe nano za kupasua endosomu.

Heplisav-B, chanjo ya homa ya ini B iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, ina mikrogramu 3,000 za CpG 1018 katika kila dozi, zimechanganywa tu na antijeni (sehemu ya virusi inayofundisha kinga), bila kibebaji. Kiasi si kidogo. Oligo isiyobebwa husambaa mwilini upesi. Ikibebwa, sehemu kubwa zaidi huweza kuingia kwenye seli za kinga zenyewe. Kwa Uganda, ambako homa ya ini B bado inasumbua hasa kaskazini, dozi ndogo ingekuwa na maana.

Kibebaji rahisi kuanza nacho ni kitosani, polima itokanayo na maganda ya kamba na kaa. Yeyusha miligramu 1 kwa mililita katika asidi asetiki ya asilimia 1, rekebisha pH iwe 5, kisha ichuje kwa kichujio cha mikromita 0.22. Chukua mililita 5, ziweke kwenye kikorogeo cha sumaku. Mikrogramu 100 za CpG changanya na mililita 2 za tripolifosfati (chumvi inayoiunganisha kitosani iwe chembe) yenye miligramu 0.5 kwa mililita, halafu dondosha tone kwa tone kwenye kitosani. Mchanganyiko ukipata ukungu wa samawati hafifu, umefaulu. Ukiwa mweupe kama maji ya mchele, tripolifosfati imezidi au umemimina kwa pupa. Acha nusu saa, kisha zungusha kwenye sentrifuji na upime maji ya juu kwa nanomita 260: DNA iliyobaki humo ndiyo iliyokosa kuingia.

Usioshe chembe hizo kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa). Kwenye pH 7.4 kitosani hupoteza chaji karibu yote, chembe hugandana na kuzama. Tumia trehalosi (aina ya sukari) ya asilimia 5, ambayo pia huzilinda zikigandishwa. Umeme ukikatika, friji ikayeyusha na kugandisha tena, pima ukubwa upya kabla ya kugusa seli. Ni bora zaidi kuzikausha kwa baridi tangu mwanzo.

Kosa linalodanganya kuliko yote ni endotoksini, uchafu utokanao na bakteria. Kitosani ya bei nafuu huwa nayo, na huamsha TLR4, kipokezi kingine cha kinga. Utaona IL-6 (ishara ya uchochezi) ikipanda na kudhani ni CpG. Kichujio cha 0.22 hakiiondoi. Pima kwa LAL (kipimo cha endotoksini), kwa uangalifu, maana kitosani yenyewe huweza kuvuruga kipimo. Kila mara weka chembe tupu, chembe zenye oligo ya GpC (herufi zilizogeuzwa, kwa kulinganisha), na CpG isiyobebwa. Chembe tupu si pambo: kitosani peke yake huweza kuchochea njia ya cGAS-STING, njia nyingine ya kinga inayohisi DNA ndani ya seli.

Mwisho, angalia mfuatano unaoagiza. Panya huitikia vizuri GACGTT, kama ilivyo katika oligo iitwayo ODN 1826. Binadamu huitikia GTCGTT, kama katika ODN 2006. Tena kwa panya TLR9 iko hadi kwenye makrofaji, kwa binadamu hasa kwenye seli B na seli dendritiki za plazimasitoidi. Ukipanga kuhamia damu ya wachangiaji, agiza oligo zote mbili mapema.